Nani Alimlipa Mwalimu? Koo Mbili za Shule za Kikatoliki Tanzania

Ukiitafuta leo St. Mary's ya Tabora, shule aliyofundisha Julius Nyerere alipotoka Makerere, hutaiona kwenye orodha yoyote. Majengo yapo na wanafunzi wamejaa, ila shule inaitwa Milambo na ni ya serikali. Marian College ya Morogoro, ambayo masista wa Maryknoll waliianzisha kwa ajili ya wasichana, ndiyo Kilakala. Rosary College ya Mwanza ndiyo Nganza. St. Francis ya Pugu imebakiwa na jina la vilima vyake tu. Upande mwingine kuna Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya Mbeya, shule ambazo wazazi hugombania fomu zake mapema, na ambazo wengi hudhani ni zile zile za enzi za mapadre wa kizungu. Sizo. Ni ukoo mwingine kabisa.

Mjadala wetu kuhusu mchango wa shule za Kikatoliki huharibikia hapo. Anayezisifu hutaja marais, majaji na maprofesa waliotoka ukoo wa kwanza, kisha anaonyesha matokeo ya mitihani ya ukoo wa pili. Anayezilaumu naye hufanya vivyo hivyo: anachukua manung'uniko ya mwaka 1930 na kuyabandika kwenye ada ya mwaka huu. Njia rahisi ya kuzitenganisha koo hizi ni kuuliza, kila kipindi, mshahara wa mwalimu ulitoka wapi.

Mwanzoni haukutoka popote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipohamia Bagamoyo mwaka 1868 kutoka Unguja, watoto waliowafundisha walikuwa wamekombolewa utumwani. Hawakuwa na wazazi wa kulipa, na hapakuwa na serikali ya kutoa ruzuku. Misheni ikajilisha yenyewe: sehemu ya siku darasani, sehemu shambani na kwenye karakana. Mfumo huo wa jembe na kalamu ulienea kila misheni ilipopandwa. Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878 na kushika Karema mwaka 1885. Kilema, mlimani Kilimanjaro, ilianza 1890 na Kibosho ikafuata 1893. Wabenediktini walianzia Pugu mwaka 1888, wakavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, kisha wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Lakini misheni yenyewe, ile yenye kanisa la matofali na mnara, haikuwa shule waliyoifahamu watu wengi. Shule waliyoifahamu ilikuwa kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini lililo chini ya misheni. Kibanda cha miti na udongo, paa la nyasi, magogo ya kukalia, ubao mmoja, na vibao vya mawe ambavyo watoto walipokezana kwa sababu havikutosha. Mwalimu ni katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padre, kijana wa hapo hapo au wa kijiji jirani, ambaye naye alisoma miaka miwili mitatu tu. Asubuhi watoto wanaimba ba, be, bi, bo, bu, wanahesabu kwa vijiti, wanakariri katekisimu, kisha wanatawanyika kwenda kuchunga na kuamia ndege shambani. Padre anapita baada ya majuma kadhaa, anawasomesha mmoja mmoja, anaandika kwenye daftari lake na kuondoka. Malipo ya katekista yalikuwa kitambaa, chumvi, rupia chache, au wanakijiji kumlimia shamba.

Hizo ndizo shule zinazojaza takwimu za enzi ya Mjerumani. Kabla tu ya vita vya 1914, shule za misheni za madhehebu yote zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000, wakati za serikali zilikuwa na takriban 6,000. Tarakimu hizo hutajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Mtoto aliyehesabiwa kigangoni huenda aliondoka akijua kusoma sala zake na kuandika jina lake, basi. Wale 6,000 wa serikali, ambao chimbuko lao ni shule ya Tanga ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndio waliotoa makarani, wakalimani na maakida. Wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani, kwa kuwa shule ya serikali haikumdai mtoto ubatizo. Kwa hiyo hadi mwaka 1914 misheni ilikuwa na watoto wengi, na pwani ilikuwa na vyeo. Anayedhani Mkristo wa bara alikuwa mbele tangu siku ya kwanza ameruka sura nzima ya kitabu.

Vita vilipopita, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa, na Wabenediktini hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Katika pengo hilo sehemu nyingi za kusini zilishikiliwa na makatekista, bila padre wa kuwakagua. Sioni wakikumbukwa vya kutosha. Barabara na kumbi zimepewa majina ya maaskofu.

Mambo yaligeuka kati ya mwaka 1924 na 1928. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924. London ikatoa sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika mwaka 1925, na Tanganyika ikapata sheria ya elimu mwaka 1927. Kiini cha yote kilikuwa kwamba serikali haina fedha za kujenga shule zake kila mahali, basi itazilipa za misheni, kwa masharti. Shule isajiliwe. Ifuate mtaala wa serikali. Ikubali mkaguzi. Na mwalimu awe na cheti kinachotambulika, kwa sababu ruzuku ilihesabiwa zaidi kwa walimu wenye vyeti. Shule ya kigango yenye katekista na katekisimu haikupata kitu.

Maaskofu walikuwa na hofu ya haki: ukila kwa bwana utacheza ngoma yake. Aliyewasukuma ni Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa aliyetumwa kukagua shule za Kikatoliki katika makoloni ya Uingereza, na ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster. Alipokutana nao Dar es Salaam mwaka 1928 aliwaeleza bila kupindisha kwamba, wakishindwa kubeba yote mawili, ujenzi wa makanisa usubiri ili shule zikamilike. Kwa mtu wa Kanisa hayo yalikuwa maneno mazito. Hesabu yake ilikuwa kwamba anayeshika shule ameshika kizazi, na Wakatoliki wakisita ruzuku itachukuliwa na Waprotestanti.

Wakafuata. Kila jimbo likaweka Katibu wa Elimu, padre ambaye kazi yake ilikuwa madaftari, ripoti na kumsubiri mkaguzi. Vyuo vya ualimu vikapanuliwa. Masharti yale yakaanza kuzaa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye sera yoyote. Misheni yenye walimu kumi wenye vyeti ilipata ruzuku ya walimu kumi; isiyo na hata mmoja ilipata sifuri. Vyeti vilitoka kwenye vyuo, na vyuo vilikuwa kwenye misheni kongwe, yaani kule wamisionari walikokaa mapema kwa sababu ya hali ya hewa, wingi wa watu na ukaribisho wa watawala wa mahali. Hiyo ni Kilimanjaro, Bukoba na Songea. Kilimanjaro na Bukoba zilikuwa pia na kahawa, na kahawa ililipa karo. Fedha ya kodi iliyokusanywa nchi nzima ikawa inamiminika kule ambako tayari palikuwa na shule. Wafugaji wa Umasaini na wakulima wa Rufiji walilipa kodi ya kichwa kama wengine, na hawakuona mwalimu.

Pwani ndiko kidonda kilikoingia ndani zaidi. Chuo cha Kurani hakikutimiza masharti ya ruzuku, na mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome zaidi ya pale alikuta mlango wa karibu ni wa misheni, ambako dini ilikuwa somo, sala ilikuwa ratiba, na jina jipya halikuwa mbali. Wengi waliwazuia watoto. Wengine waliwapeleka, wakawapokea likizo wakiwa na majina mengine. Si lazima padre awe alipanga njama. Kanuni ya ruzuku peke yake ilitosha kuleta matokeo hayo. Sioni faida ya waandishi Wakatoliki kulikwepa jambo hili kila linapotajwa.

Na kule kwenye neema nako kulikuwa na uharibifu wake. Kilimanjaro na Bukoba Wakatoliki na Walutheri walishindana kwa shule kama wachuuzi wa soko moja. Kijiji kimoja, madarasa mawili nusu matupu, walimu wawili, na watoto wa baba wawili ndugu wanapishana njiani kila asubuhi kwa sababu ya dhehebu.

Kufikia miaka ya 1950 ngazi ilikuwa wazi. Darasa la kwanza hadi la nne kijijini, kisha mtihani. La tano hadi la nane katika shule ya kati, mara nyingi ya bweni, kisha mtihani mwingine. Halafu sekondari, darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na mwishoni cheti cha Cambridge. Kila mtihani ulikuwa panga. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari wa Tanganyika nzima hawakufika 12,000. Ndani ya idadi hiyo ndogo, shule za Kikatoliki za Pugu, St. Mary's, Umbwe, Ihungo, Nsumba na Kwiro zilikuwa na uzito mkubwa. Benjamin Mkapa alipita Ndanda, seminari ya Kigonsera, kisha Pugu, kabla ya Makerere. Yeye ndiye mfano halisi wa ngazi ile. Nyerere, ambaye hutajwa sana kuwa tunda la shule za misheni, siye: alisoma Mwisenge, Musoma, na shule ya serikali ya Tabora, zote mbili zisizo za Kanisa, akabatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima. Shule za Kikatoliki alizijua akiwa mwalimu, St. Mary's kisha Pugu, ambako mwaka 1955 ilibidi achague kati ya chaki na TANU.

Labda kwa sababu alizijua kutoka chumba cha walimu, mkono wake haukutetemeka. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaanza kazi mwanzoni mwa 1970. Shule zilizokuwa zikila ruzuku zikawa za serikali. Hoja ilikuwa nyepesi kueleza: mwalimu analipwa na umma, shule iwe ya umma, na mtoto asiulizwe dini mlangoni. Ile hofu ya maaskofu wa 1928 ikatimia baada ya miaka arobaini na moja. Mkono uliolisha ndio uliochukua.

Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa shule za msingi. Hakuna taifa ambalo lingeendelea na ramani ya elimu iliyochorwa na mahali mapadre walikopenda kukaa. Na kwa sekondari, mgawo wa nafasi kwa wilaya uliwaingiza Pugu na Milambo watoto ambao ngazi ya zamani isingewafikisha. Kosa lilikuwa jingine. Serikali ilichukua shule kana kwamba shule ni majengo na walimu.

Chukua mfano wa paa. Katika sekondari ya misheni, bati likivuja, mkuu wa shule anamwambia bradha wa karakana. Bradha ana ngazi, misumari, mbao zilizopasuliwa misheni, na vijana watatu anaowafundisha useremala. Kazi inaisha kabla ya Jumapili. Mshahara wa bradha haupo, maana ni mtawa, mbao hazikununuliwa, chakula chake kimetoka shambani. Gharama hizo hazikuonekana kwenye hesabu za ruzuku hata siku moja, kwa hiyo serikali ilipopiga hesabu ya kuendesha shule haikuziona. Baada ya 1970 bati lilipovuja, mkuu aliandika barua mkoani, barua ikasubiri fungu, fungu likasubiri bajeti. Maji yakashuka kwenye dari, yakaingia maktaba. Jenereta, pampu ya maji, ng'ombe wa maziwa, majiko: kila kimoja kilikuwa na mtu wake asiyelipwa, na watu hao waliondoka au wakahamishiwa kazi nyingine za jimbo. Kisha likaja lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE) la mwaka 1977, fedha zikavutwa huko, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafanywa walimu kwa mafunzo ya haraka. Walimu wa UPE walidhihakiwa sana, mara nyingi na watu waliofundishwa kusoma na hao hao.

Majirani walikata shauri kwa njia nyingine. Kenya, kwa sheria yake ya elimu ya mwaka 1968, iliziweka shule chini ya serikali ila Kanisa likabaki kuwa mfadhili mwenye sauti kuhusu dini na malezi, na mpaka leo askofu na wizara hugombana juu ya nani amteue mwalimu mkuu. Kongo inafundisha zaidi. Kule misheni za Kikatoliki zilibebwa na mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikano na dola ya Mfalme Leopold, uliowapa ardhi ili waendeshe shule. Mobutu alizitaifisha shule mwaka 1974, na mwaka 1977 akatia sahihi mkataba wa kuwarudishia makanisa uendeshaji. Serikali ilipe mishahara, Kanisa lisimamie. Basi serikali ikaacha kulipa, au ikalipa mshahara usiotosha gunia la unga, na wazazi wakabebeshwa mwalimu kwa michango miaka na miaka, mpaka ilipotangazwa elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Kwa hiyo anayesema shule zetu zingerudishwa tu mambo yangenyooka, na aende Lubumbashi aulize nani alimlipa mwalimu.

Kitu kimoja sheria ya 1969 haikukigusa: seminari ndogo. Zilihesabiwa kuwa mahali pa kulea mapadre, jambo la ndani la Kanisa. Rubya, Kaengesa, Itaga, Likonde, Makoko, Maua na nyinginezo zikabaki mikononi mwa maaskofu, na hapo ndipo ukoo wa pili ulipoanzia.

Tazama jinsi seminari inavyoendeshwa. Kijana anaingia kwa barua ya paroko, mtihani na usaili. Hapo tayari wengi wameshachujwa. Ndani kuna gombera, padre mkuu wa seminari, ambaye neno lake ni la mwisho, na walezi wanaolala eneo hilo hilo. Kengele alfajiri, misa, darasa, kazi za mikono mchana, michezo, prepu, sala za usiku, kisha kimya mpaka asubuhi. Darasa moja halijai watoto mia. Wanaobaki mpaka upadirisho ni wachache sana, wengine huondoka wenyewe au huambiwa waondoke. Mtihani wa taifa wanaufanya ule ule wa wenzao, na katika miaka ambayo maktaba za shule za serikali zilikuwa zikiloa, seminari zilikuwa juu kwenye matokeo mwaka baada ya mwaka.

Milango ya shule binafsi ilipofunguliwa zaidi katika miaka ya 1990, majimbo na mashirika ya watawa hayakurudi kigangoni. Yalichukua mtindo wa seminari, yakauondolea wito wa upadre, yakaweka wasichana na wavulana wasio lazima wawe Wakatoliki, yakaanza kutoza ada. Kwa upande wa darasani jambo hilo limefanikiwa vizuri mno. Ila shule inayochuja watoto mlangoni, ikawalaza bweni na kuwasimamia saa zote isilinganishwe na shule ya kata yenye darasa la watoto themanini wanaotembea kilomita sita, halafu ikasemwa tofauti ni dini. Tofauti ni mchujo, bweni na ukubwa wa darasa. Ada ya shule kama hizo hufika milioni mbili, tatu na kuzidi kwa mwaka. Mjukuu wa katekista wa kigango kile hawezi kuilipa.

Kati ya koo hizi mbili zipo shule za parokia za kutwa au za hosteli, zenye ada ndogo, walimu vijana na mkuu ambaye ni sista anayefundisha pia baiolojia. Hizi ndizo ziko taabani. Tangu Januari 2016, serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, mzazi wa kipato kidogo ana sababu ya kutosha ya kumhamisha mtoto. Nazo zina kodi na tozo za kulipa. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa yalihusu elimu na afya kwa pamoja, lakini angalia yalikozaa. Hospitali teule za wilaya ni za Kanisa huku serikali ikilipa watumishi wengi. Bugando ya Mwanza ilitaifishwa mwaka 1972, ikarudishwa kwa maaskofu 1985, na daktari wa serikali anafanya kazi humo bila mtu kushangaa. Shule ya parokia haina utaratibu wa namna hiyo. Mwalimu wake wa hisabati analipwa kwa ada ya watoto waliopo muhula huu, na ajira za walimu zikitangazwa na jina lake likatokea, anafungasha vitabu hata kama kidato cha nne kimebakiza miezi miwili kufanya mtihani. Sista anabaki na ratiba yenye vipindi sita vya hisabati visivyo na jina.